Siku Niliyomsukuma Mama Mkwe Mlimani

Haya, nimechoka kusimulia vipande vipande. Nikipita kwa kinyozi hapa Kianda, Kibera, ni, "Fundi, ilikuaje?" Nikifika karakana kule Mashimoni, kabla sijashika randa, ni, "Fundi, ati ulimbeba mama mkwe?" Na sasa nasikia huko Kawangware kuna mtu anatangaza kwamba nilianguka mtoni na pikipiki. Mimi sikuanguka popote, nisikilizeni vizuri. Nayaandika yote mara moja, msomeane, na atakayeniuliza tena atanunua chai na mandazi.

Mnajua kwamba Rispa, mke wangu, alienda kwao Maragoli mwezi wa tisa kumzika baba yake, na hakurudi. Mimi mazishini sikwenda. Niliwaambia nyinyi wote kwamba nilikuwa nimebanwa na kazi ya madawati ya shule kule Riruta Satellite, nanyi mkaniamini. Wengine hata mlinisifu, ati mwanamume ni kazi. Basi mwezi wa kumi na mbili, Ijumaa jioni, nikaletewa barua iliyokuwa imezunguka mifukoni mwa watu wiki nzima. Ilitoka kwa Enosi, kaka yake Rispa, na ilikuwa na mistari mitatu. Wazee watakaa Jumamosi. Nifike kabla jua halijatua, nijieleze mbele yao. Nisipofika, Rispa harudi Kianda, na nisijisumbue kumfuata.

Jumamosi yenyewe ilikuwa kesho yake. Mabasi ya kwenda magharibi yalikuwa yamejaa watu wa Krismasi na magodoro yao. Lakini mimi nina pikipiki, na kuendesha najua. Nikapiga suruali pasi, nikalala mapema.

Kianda hadi Kawangware, kwa miguu

Pikipiki yangu hailali Kianda, na sababu mnaijua: wezi. Inalala Kawangware, ndani ya ploti ya Mama Njeri, yule mama ambaye ardhi yake ilikuwa shamba la mahindi zamani na leo ni vyumba vya mabati safu nne. Milango yote ya vyumba hivyo niliitengeneza mimi, na hakuna hata mmoja unaokwaruza chini. Nendeni mkafungue muone.

Niliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kwenye kioski cha maji akina mama walikuwa wameshapanga mitungi. Mmoja akaniona na sanduku la vifaa begani akaniuliza, "Fundi, hata Jumamosi?" Nikamwambia naenda ukweni. Akacheka sana, akasema, "Na nyundo?" Nami ndiyo kwanza nikagundua nimebeba sanduku zima kwa mazoea. Kurudi nyuma ni mkosi, nikaendelea nalo.

Nilimkuta Mama Njeri ameshaamka, anafagia ua wake na kumfokea mpangaji aliyemwaga maji machafu mlangoni. Akaniona.

"Wewe Mluhya, unapeleka wapi hiyo mkebe?"

"Maragoli, Mama Njeri. Naenda kurudisha mke."

"Na hiyo pikipiki? Itafika hata Limuru?"

"Itafika, na itarudi na watu wawili."

"Haya. Lakini hutoki hapa na tumbo tupu. Unataka waseme huku Kawangware hatuna chakula?"

Ubishi na Mama Njeri ni kupoteza wakati. Nikaketi juu ya ndoo, nikanywa chai ya maziwa na viazi vitamu, huku akinifundisha namna ya kuingia ukweni. Ati nikifika nimshike mama mkwe mikono yote miwili, nimkumbatie, nilie naye kidogo, mambo yataisha. Nikamweleza kwamba kwetu hilo haliwezekani hata kidogo. Kwetu mwanamume hamshiki mama mkwe mkono. Hakai naye kiti kimoja. Hata kuzungumza naye uso kwa uso ni shida. Mkikutana njiani, mmoja anapinda kando hadi mwenzake apite, na ukiwa na neno la kumwambia unamtuma mtu mwingine.

Mama Njeri alishika kiuno. "Ati nini? Mimi mkwe yangu ananibebea gunia ya viazi mpaka jikoni! Mnaogopana nini?"

"Hatuogopani. Tunaheshimiana."

"Hiyo heshima yenu iko na shida."

Halafu pikipiki ikakataa kuwaka. Nikakanyaga, nikakanyaga, wapi! Wapangaji wakatoka na miswaki mdomoni, kila mtu fundi wa mitambo. Mmoja akasema ni mafuta, mwingine ni baridi, wa tatu akataka tuilaze chini tuitikise. Mimi nikatoa plagi, nikaisugua kwa msasa wa mbao uliokuwa sandukuni, nikairudisha. Ikawaka kwa teke moja. Niliwatazama tu mmoja mmoja. Jua lilikuwa limeshachomoza.

Kawangware hadi Mai Mahiu

Nilipitia Riruta Satellite. Ile shule iko pale kando ya barabara, na kupitia dirishani unayaona madawati yangu yamepangwa. Siku nyingine ningepunguza mwendo niyaangalie. Siku hiyo niligeuza uso upande wa maduka na kuongeza moto.

Nikatokea Uthiru, nikashika njia ya Kikuyu na Limuru. Baridi ya Limuru sisi watu wa Kibera huisikia tu kwa wauza kabichi. Nilikuwa nimejipachika magazeti kifuani chini ya koti, manne, na bado ilipenya. Vidole vilikufa ganzi nikawa sijui kama nimeshika breki au nimeshika hewa. Kwenye mteremko wa bonde ukungu ukafunga kabisa. Nilijibandika nyuma ya lori la magunia lililokuwa likishuka polepole, nikafuata taa zake nyekundu hadi chini. Dereva alikuwa ameniona. Tulipofika Mai Mahiu alisimama, akashuka, akaja kunishika mkono.

"Maze, wewe ni mwanaume ama wazimu?"

"Mwanaume," nikamwambia. "Naenda ukweni."

"Basi ni wazimu," akasema, akaninunulia chai.

Nilikula chapati tatu na maharagwe pale, nikayatoa magazeti na kuyaanika juani juu ya mpini. Wakati huo ilikuwa saa mbili na nusu. Nilipiga hesabu ya mwendo nikaona nitafika saa tisa, nioge mtoni, nivae shati safi, niingie kwa wazee nimenyooka. Ndivyo nilivyopanga.

Mai Mahiu hadi Londiani

Naivasha, Gilgil na Nakuru nitazipita haraka hapa kama nilivyozipita siku ile. Barabara ilikuwa kavu, upepo uko mgongoni, na pikipiki ilikuwa inaimba. Nami nilikuwa ninaimba. Mkitaka kujua raha, muwe peke yenu barabarani na hakuna mtu wa kuwaambia pinda hapa, simama pale.

Baada ya kupanda Mau, karibu na Londiani, nikamkuta mzee mwenye kofia na buti za mpira amesimama katikati ya barabara, mikono juu. Nikafunga breki nikidhani kuna ajali.

"Daktari!" akapaza sauti. "Umechelewa! Ng'ombe anakungoja tangu jana!"

Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshachomoa ufunguo wa pikipiki na kuutia mfukoni.

Sasa muelewe. Kule mashambani mtu mwenye pikipiki ni mmoja tu, ni yule wa serikali anayezunguka kuwapandisha ng'ombe kwa sindano. Tena huwa na sanduku nyuma. Na mimi sanduku lilikuwa pale nyuma, limefungwa kwa mpira.

"Mzee, mimi si daktari. Mimi ni fundi wa mbao."

"Fundi wa mbao atoe wapi pikipiki?"

"Nimenunua."

"Haya, haya. Ng'ombe yuko huku." Na huyo akashika njia ya bomani na ufunguo wangu.

Ningefanya nini? Nikasukuma pikipiki nikimfuata. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye kizimba cha miti, analia, na jamii nzima imejipanga kunitazama. Nikaliweka sanduku chini, nikalifungua mbele yao. Randa, msumeno, patasi, nyundo, msasa. Mzee akainama akaangalia kwa makini, akachukua patasi, akaigeuza, akamwangalia ng'ombe, akaniangalia mimi. Mke wake ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi.

Mzee aliona aibu hiyo, jamani! Akanirudishia ufunguo kwa mikono miwili. Lakini akasema siwezi kuondoka kwake bila kula, maana amenikosea. Nikamwambia nina haraka, nangojwa na wazee. Akasema wazee wowote wakisikia kwamba nilikula kwake watanielewa. Basi nikaletewa ugali, mboga na maziwa ya kibuyu yaliyochachishwa na kutiwa unga wa mkaa hadi yakaingia rangi ya majivu. Siwadanganyi, nilimaliza kibuyu. Wakati ugali unapikwa nikakipigilia misumari kile kizimba chao, maana kilikuwa kinataka kuanguka na ningeshindwa kula nikikiangalia. Hapo nilipoteza saa moja na robo, na mambo ya kuoga mtoni yakaisha.

Londiani hadi Majengo

Mvua ya Kericho mnaisikia. Ilininyeshea mashambani mwa chai kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila hata mti wa kujificha, kwa sababu chai yote ni fupi, inanifika kiunoni. Suruali niliyoipiga pasi ikawa si kitu. Nilipoteremka Awasi jua la bondeni likanikausha, na nilipofika Kisumu nikawa nimekauka mbele na nimelowa nyuma. Sikusimama hata kwa samaki. Wanaonijua wataelewa haraka niliyokuwa nayo.

Kutoka Kisumu unapanda vilima vyetu vya mawe makubwa. Kila kona nilikuwa naitambua. Njia nzima nilikuwa nimejisemea maneno ya kuwaambia wazee. Kazi. Madawati. Shule zinafunguliwa. Mkataba. Nilikuwa nayo yote tayari, yamenyooka. Nikiwa Naivasha yalisikika vizuri sana.

Nilifika soko la Majengo saa kumi jioni. Hapo unaacha lami, na kwa wakwe zangu ni mwendo wa kilomita nne hivi, kupanda tu. Mvua ilikuwa imepita huko nayo, na njia yote ilikuwa matope mekundu. Watu wa baiskeli za abiria walikuwa wameegesha, wamegoma, wanakula miwa.

Pale panapoanza njia, kando ya mtaro, akina mama wauza ndizi walikuwa wamemzunguka mtu. Mmoja akanikimbilia.

"Bwana wa pikipiki! Mungu amekuleta! Huyu mama ameteleza kwenye mtaro, mguu umevimba, hawezi kukanyaga. Mpeleke hapo juu tu, kuna wageni wanamngoja."

Nikaangalia. Alikuwa ameketi juu ya mkungu wa ndizi, na sukari na majani ya chai mapajani. Aliponiona akaivuta leso akafunika uso wote, akageukia upande wa mtaro.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Nami nikageuka haraka nikaangalia upande wa pili, kule kwenye miwa. Basi tukawa hivyo, yeye anaangalia mtaro na mimi naangalia miwa.

"Bwana, vipi? Mnyanyue!" yule mama akasema.

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Huna roho?"

"Muulize yeye."

Akamwuliza. Mama mkwe akajibu kitu ndani ya leso. Yule muuza ndizi akaweka mkono mdomoni. "Uwi! Ni mkwe!" Na wote wakarudi nyuma hatua mbili.

Majengo hadi kwa wakwe

Tulifanya kikao pale pale. Kumpakia nyuma yangu, kifua chake kimeegemea mgongo wangu, hilo hata halikutajwa. Mwingine aendeshe? Hapakuwa na mtu aliyejua pikipiki. Wamnyanyue wambebe? Mama mkwe ni mama mwenye mwili, kilomita nne, na ndizi abaki nazo nani? Mmoja akapendekeza niende nikamlete Enosi. Nikaliangalia jua. Kwenda, kumtafuta, kurudi, na kupanda tena, litakuwa limezama, na mimi wazee sijawaona.

Halafu nikasema, "Sitapanda. Nitasukuma."

Wakaisogelea pikipiki wakaitazama.

"Injini imezimwa," nikasema. "Yeye akae, mimi nitembee kando nimeshika mpini. Hatutakuwa tumekaa kiti kimoja. Sitamgusa."

Muuza ndizi akamwendea akamnong'oneza. Leso ikatikisika kukubali. Wakampandisha watatu, wakamkalisha upande, akashika chuma cha nyuma. Mimi muda wote huo nilikuwa nimefunga macho. Wakatusukumia hadi juu ya kile kilima cha kwanza, kisha wakarudi kwenye ndizi zao wakicheka, na sisi tukabaki wawili.

Mmewahi kusukuma pikipiki yenye mtu kwenye matope, kupanda mlima, huku mmekatazwa kugeuza shingo? Viatu vilikuwa vinabaki nyuma. Nilikuwa nimesafiri tangu alfajiri, lakini nilijiambia, nikimwangusha huyu, ni heri niendelee moja kwa moja hadi Uganda. Sikumwangusha. Hilo liandikwe.

Tulikuwa tumefika nusu ya njia aliposema.

"Wewe pikipiki."

Nikasimama kidogo. Sauti ilikuwa yake, na hakuwa ananiita mimi.

"Wewe pikipiki, mwenyewe alikuwa wapi siku tulipozika?"

Kumbe! Hakuna mtu wa kutumwa, basi inatumwa pikipiki. Nikaitazama taa ya mbele.

"Pikipiki," nikasema, "mwambie mama kwamba mwenyewe alikuwa Nairobi na kazi ya madawati. Shule ilikuwa inayangoja."

Nikasukuma hatua kama ishirini.

"Pikipiki, mimi nimezeeka lakini masikio yangu ni mazima. Mazishi ilikuwa siku moja tu. Madawati yalikuwa mangapi?"

Niliyafungua yale maneno yangu ya Naivasha nikakuta yote hayafai. Nikaendelea kusukuma. Labda ni uchovu, au ni kule kutoonana nyuso, sijui. Nikajikuta naieleza ile pikipiki kitu ambacho sikumweleza Rispa, wala nyinyi.

Nilisema hivi. Mzee, baba yake Rispa, alipokuja kututembelea Kianda, aliketi karakana na mimi siku nzima. Nilikuwa natengeneza jeneza la jirani. Akalipapasa lote kwa kiganja, akasema, "Langu utalitengeneza wewe. Na usiniwekee hivi vitambaa vya kung'aa." Tukacheka. Mwezi wa tisa habari zilipokuja, Rispa alitangulia na watu wa kwao, akaniambia nifuate na jeneza. Nikanunua mbao nzuri. Urefu wa mzee sikuhitaji kuuliza, maana alikuwa akisimama mlangoni kwangu kichwa kinagusa kizingiti. Nikapima, nikachora kwa penseli, nikakata ubao mmoja. Wa pili mkono ukakataa. Nilikuwa nikishika msumeno naona ninamkata mzee mwenyewe. Nimetengeneza majeneza ya watu wengi Kibera na sijawahi kupatwa na kitu kama hicho. Nikakaa juu ya zile mbao siku mbili mlango umefungwa. Halafu mtu akaja na kazi ya madawati, nikaikimbilia. Wakamzika mzee katika jeneza la sokoni. Nilijua nimemwaibisha, na niliona aibu kusema kwamba mimi, fundi mzima, nilishindwa na mbao.

"Basi," nikaiambia pikipiki, "mwambie mama ni hivyo."

Nyuma yangu nikamsikia akipenga kamasi kwenye leso. Tulienda kipande kirefu.

"Pikipiki," akasema mwishowe, "yule mzee alikuwa msumbufu. Maneno hayo hayo alimwambia fundi wa Majengo, akamwambia na fundi wa Chavakali. Kila akiona mbao anaagiza jeneza."

Nilicheka bila kutaka, na machozi yananitoka.

"Lakini alipougua," akasema, "alikuwa anamwulizia huyo wa Nairobi tu."

Uani kwa wazee

Tuliingia langoni jua likiwa limebaki mkono mmoja juu ya kilima. Wanawake walitoka wakapiga kelele, wakamshusha mama mkwe, wakamwingiza ndani. Kwetu anayechelewa mazishi huingia akilia kutoka langoni hadi kaburini. Mimi pumzi ya kulia kwa sauti sikuwa nayo. Nikaenda tu hadi pale, kando ya nyumba, udongo ukiwa bado haujashuka, nikapiga magoti na matope yangu, nikalia kimya kimya. Nilimlilia mzee yule kama baba yangu, na sikujali nani ananitazama.

Wazee walikuwa saba, kwenye viti nilivyovitengeneza mimi mwaka niliooa. Enosi alikuwa amesimama nyuma yao. Mzee wa katikati akasafisha koo, nami nikajiandaa kuulizwa habari za mazishi.

"Umempandisha mama mkwe kwenye kiti chako?"

"Kiti cha nyuma, mzee. Mimi sikukaa. Nilisukuma."

"Pikipiki ina viti vingapi?" akauliza mwingine.

"Ni kimoja kirefu."

"Aaa! Basi ni kimoja!"

"Lakini yeye hakukaa!" wa tatu akadakia. "Kiti bila mtu si kiti chake!"

Ndugu zangu, waliacha mazishi yote wakakamata kiti. Mmoja akataka kuku wa faini, mwingine akasema mbuzi, wa tatu akainuka kwenda kuikagua pikipiki, akaikalia, akateremka, akasema bado hajaelewa. Jua linazama na mimi sijaulizwa kitu. Nilikuwa karibu kupasuka.

Sauti ya mama mkwe ikatoka ndani, mlango umeegeshwa. "Enosi! Waulize hao wazee, nilipokuwa mtaroni walikuwa wapi? Na waambie swali la mazishi lisiulizwe tena. Mimi nimeshajibiwa."

"Umejibiwa na nani, Mama?" Enosi akauliza.

"Na pikipiki."

Wazee wakatazamana. Yule aliyeikalia akaigeukia tena.

Hapo Rispa akatoka ndani. Nilikuwa sijamwona tangu mwezi wa tisa. Alikuwa amenyolewa nywele za msiba na zimeanza kuota, amekonda, mikono inang'aa mafuta ya kukandia mguu wa mama yake. Akapita katikati ya wazee, jambo ambalo mwanamke hafanyi, na hakuna aliyemzuia. Akasimama mbele yangu.

"Mama ameniambia," akasema. "Yote."

Nikafungua mdomo.

"Miezi mitatu najiuliza nimeolewa na mtu wa aina gani. Nalala na hilo, naamka nalo. Na wewe pikipiki unaiambia. Mimi huniambii?"

Jamani, nimepigwa na baridi, na mvua, na mlima. Hakuna kilichonipiga hivyo. Nikawaangalia wazee, wakaangalia chini. Nikamwangalia Enosi, akaangalia paa. Basi nikamwangalia Rispa mwenyewe, machoni, nikaanza tena kuanzia pale niliponunua mbao. Mara hii ilikuwa ngumu mara kumi, kwa sababu huyu alikuwa ananitazama. Nilipofika kwenye ubao wa pili nikakwama. Hakunisaidia, alingoja. Nikamalizia.

Rispa akajipangusa mikono kwenye leso, akaizunguka pikipiki taratibu, akaligusa gurudumu la nyuma kwa ncha ya mguu.

"Hapa nyuma," akasema, "miguu mtu anaweka wapi?"

Nikapiga magoti nikamfungulia vile vyuma viwili vya kukanyagia, kimoja kila upande.